KAZI ZA MIKONO: Kichwa cha Gitaa



Wasomaji wapenzi, juma hili nataka kuzungumza nanyi habari ya gitaa. Najua wengine watacheka na kusema, "Huyu fundi wa viti na milango, tangu lini amekuwa mpiga muziki?" Sijawa. Hata wimbo mmoja siwezi kuupiga. Lakini gitaa kabla ya kuwa muziki ni ubao, na habari za ubao ndizo zetu katika safu hii.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja jirani yangu hupiga gitaa la umeme katika kwaya ya kigango chetu. Gitaa si mali yake. Kwaya walilinunua likiwa limekwisha kutumika, kwa fedha walizokusanya miaka miwili wakiuza maandazi mlangoni pa kanisa na kulima mashamba ya watu kwa ujira. Jumamosi moja kijana alikuwa anarudi kutoka mazoezini, amepakiwa kwenye pikipiki, gitaa mgongoni ndani ya gunia. Pikipiki ikateleza matopeni. Yeye alichubuka kiwiko tu, lakini kichwa cha gitaa kiligonga jiwe. Ncha yake ikapasuka, na kipande kilichotoka hakikuonekana tena.

Alipofika nyumbani alilificha uvunguni mwa kitanda. Siku tatu hakusema neno. Siku ya nne baba yake alilikuta, akawaka kwa hasira. "Utalilipa kwa mbuzi zako zote mbili," alimwambia, "na kwaya usiende tena." Usiku ule kijana alichukua msumeno wa kukatia matawi ya miti, akaanza kuikata ile ncha gizani, apate kuisawazisha kabla hapajakucha. Mama yake alisikia sauti ya msumeno, akatoka na taa, akamshika mkono.

Asubuhi baba na mwana walikuja kwangu na lile gunia.

"Shikamoo, mzee," alisema kijana, macho chini.

"Marahaba, mwanangu."

Baba yake akauliza, "Kaka, hiki kitu ni cha kutupa au kina dawa?"

Nilikitazama pande zote. Mahali palipovunjika palikuwa juu ya tundu la mwisho la ufunguo, wala halikuguswa. Shingo ilikuwa nzima. Lakini msumeno wa usiku ulikuwa umeingia ubaoni kiasi cha upana wa kidole, tena ulikuwa unaelekea kwenye tundu. Kama mama asingeamka, kazi yangu ingalikuwa kuwapa pole tu.

"Dawa ipo," niliwaambia. "Lakini kwanza nendeni kwa mwenyekiti wa kwaya mkamwambie. Mali ya watu haikatwi kwa siri, hata kama ni kwa kuitengeneza."

Sehemu ya kazi na sehemu ya pambo

Labda wewe msomaji hujapata kulitazama gitaa kwa karibu. Lina tumbo, lina shingo ndefu, na mwisho wa shingo kuna kichwa. Kichwani mna matundu sita, na katika kila tundu umewekwa ufunguo wa kukazia uzi mmoja. Pale shingo inapokutana na kichwa kuna kidaraja kidogo cha mfupa au cha plastiki, chenye mifuo sita ya kupitishia nyuzi. Ndani ya shingo ya magitaa mengi ya umeme mna ufito wa chuma, nao huzuia nyuzi zisiupinde ubao.

Fikiri sasa nguvu ya nyuzi hizo. Nyuzi sita za kawaida zikikazwa sawasawa huvuta jumla ya zaidi ya kilo 40. Huo ni mzigo wa karibu nusu gunia la mahindi, nao huvuta mchana na usiku, hata mpigaji akiwa amelala. Na kinachoushika mzigo huo upande wa juu ni ubao wenye unene wa kama milimita 15 tu.

Basi shika neno hili, maana ndilo kiini cha somo letu: kichwa cha gitaa kina sehemu ya kazi na sehemu ya pambo. Sehemu ya kazi ni kidaraja kidogo na ubao ulio chini yake. Ni matundu ya funguo na ubao unaoyazunguka. Ni mahali ufito wa chuma unapotokeza. Ni ule mpindo wa nyuma ambapo shingo inageuka kuwa kichwa. Hizo usiziguse. Sehemu ya pambo ni kingo za nje na ncha. Hizo unaweza kuzipunguza na kuzigeuza upendavyo. Sauti ya gitaa la umeme huchukuliwa na sumaku zilizo tumboni, chini ya nyuzi. Kwa hiyo kupunguza ncha kidogo hakutauharibu wimbo. Lakini ukilegeza ufunguo mmoja, gitaa zima halitakaa katika sauti yake.

Wala usijaribu kuyahamisha matundu. Uzi unatakiwa utoke kidarajani uende kwenye ufunguo wake kwa njia iliyonyoka kadiri iwezekanavyo. Ukipindishwa sana kwenda upande, hukwama katika mfuo, na mpigaji atashinda akikaza na kulegeza bila mwisho.

Tena tazama gitaa lako ni la namna gani. Magitaa yaliyofuata mtindo wa Leo Fender wa Marekani yana funguo zote sita upande mmoja, na kichwa chake hakikuinama nyuma. Yale ya mtindo wa Gibson yana funguo tatu huku na tatu huku, na kichwa kimeinama nyuma, mengi yao kwa nyuzi 17 za pembe. Namna hii ya pili ikianguka huvunjika upesi pale kwenye mpindo, kwa sababu nyuzinyuzi za mti mahali pale zimekatwa zikawa fupi. Ukiona ufa hapo, hata mwembamba kama unywele, acha habari ya umbo. Utie gundi nyeupe ya seremala mpaka iingie ndani, ufunge kwa vipande virefu vya mpira wa baiskeli vilivyovutwa vikakaza, kisha uache siku nzima. Gitaa la jirani yangu lilikuwa la namna ya kwanza, nasi tulimshukuru Mungu kwa hilo.

Kabla ya msumeno

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: msumeno mwembamba wa kukatia mapindo, tupa ya mbao yenye upande bapa na upande wa mviringo, tupa laini, kisu kikali, penseli, rula, msasa, na jiliwa ya mezani. Mashine hatukuwa nayo hata moja, wala hatukuihitaji.

Kwanza chomoa waya wa umeme, uliweke gitaa mbali na amplifaya. Amplifaya yenyewe usiifungue kamwe. Hata ikichomolewa, ndani yake umeme unaweza kubaki ukakuumiza.

Pili legeza nyuzi, kila moja kidogo kidogo kwa zamu, mpaka zote zilale. Usiukate uzi uliokazwa, maana huruka na kuweza kutoboa jicho. Halafu fungua funguo kwa spana na bisibisi, uziweke katika mikebe sita yenye namba 1 mpaka 6. Ufunguo wa kwanza urudi tundu la kwanza. Kama shingo imeshikwa tumboni kwa skrubu nne, ifungue, nawe utafanya kazi kwa raha zaidi. Kama imegandishwa kwa gundi, laza gitaa lote juu ya blanketi lililokunjwa.

Tatu fanya kigezo. Chukua karatasi ngumu ya boksi, weka kichwa juu yake, chora ukingo wake wote pamoja na matundu sita. Rudisha kila ufunguo mahali pake kwa kitambo, uuchore kwa nyuma. Maana kitako cha ufunguo ni kipana kuliko tundu lake, nacho chahitaji ubao wa kukikalia. Ukimaliza, zungushia michoro hiyo mstari mwekundu, ukiacha nafasi kidogo. Mstari huo tuliuita "mpaka wa shamba". Ndani yake msumeno hauingii.

Nje ya mpaka ndipo unapochora umbo jipya. Hapo kijana alitaka kuanza kukata mara moja. Nilimkataza. Kwanza tulichora maumbo manne, tukayakata kwa mkasi, tukayaweka juu ya kichwa moja moja. La kwanza lilifanana na kichwa cha bata. La pili lilikuwa zuri, lakini lilipita ndani ya mpaka. La tatu halikuweza kumeza ule mfuo wa msumeno wa usiku. La nne, lenye ncha fupi iliyoviringana, lilimeza palipovunjika na palipokatwa pia. Tukalichagua hilo. Halafu tukalikata mara moja katika ubao mbovu, ili mkono uzoee.

Nami nisijifanye mtakatifu. Nilipokuwa najifunza useremala nilifupisha mguu wa meza bila kupima. Nikafupisha na wa pili ulingane nao, kisha wa tatu, kisha wa nne, na meza ya mwalimu wangu ikawa kigoda. Karatasi ya boksi ni rahisi. Ubao uliokatwa haurudi.

Kukata na kulainisha

Funga kichwa katika jiliwa, ukiweka vipande vya raba ya ndara kuukuu pande zote mbili ili chuma kisiume. Weka kigezo, chora. Sasa chukua kisu, pitisha juu ya mstari mara tatu nne mpaka rangi ikatike. Magitaa mengi ya kiwandani yamepakwa rangi nene na ngumu. Bila ya kisu, itabanduka kama ganda la yai na kuvuka mstari.

Kata kwa msumeno nje ya mstari, ukiacha kama milimita 2. Uso wa gitaa utazame juu. Msumeno unaokata ukiusukuma huchana upande wa pili, na afadhali uchane nyuma kuliko mbele. Usiulazimishe. Ukikwama, tulia, urudishe kidogo, anza tena.

Zile milimita 2 zilizobaki ni za tupa. Tupa hukata ikienda mbele. Wakati wa kurudi iinue. Kwenye kingo isukume kutoka nje kuingia ubaoni, usiisukume kutoka ubaoni kwenda nje, isije ikang'oa kibanzi. Katika mapindo ya ndani tumia upande wa mviringo. Kila baada ya misukumo kumi pitisha kidole gumba ukingoni ukiwa umefumba macho. Kidole huona kilima ambacho jicho halikioni.

Mwishowe msasa, namba 80, kisha 120, kisha 180, kisha 240. Uzungushie kijiti kilichonyoka, maana msasa mkononi mtupu hufuata vidole na kufanya mawimbi. Fanya kazi hii nje, na ufunge pua na mdomo kwa kitambaa kizito. Vumbi la mbao si kitu cha kuchezea. Mwaka 1995 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ililihesabu miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani. Na mafundi wa mvule wanajua jinsi vumbi lake linavyowasha ngozi na kubana kifua. Watoto wakae mbali, na chakula kifunikwe.

Ubao uliovuliwa rangi hunywa unyevu wa masika. Kwa hiyo paka vanishi nyepesi, koti jembamba, likauke, kisha jingine, likauke, mpaka matatu. Kaa mbali na jiko na sigara. Ukitumia mafuta ya kitani, matambara yake usiyakunje ukayatupa pembeni. Hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Yatandaze nje yakauke.

Kazi hii ilituchukua jioni tano. Baba mtu siku ya kwanza alisimama mlangoni amekunja mikono. Siku ya pili alikuja na kigoda. Siku ya tatu ndiye aliyeshika taa. Siku ya nne nilitoka kwenda kuchota maji, nikarudi nikamkuta anapitisha msasa, na mwanawe anamwelekeza: "Hapana, baba, fuata nyuzinyuzi za mti, namna hii." Naye alifuata. Nikageuka nikatafuta kazi nyingine ya kufanya.

Saini ya mtu mwingine

Kabla ya siku ya mwisho walikuja vijana wawili wa kwaya kutazama. Mmoja akasema, "Mzee, ungalikifanya kama kile cha Fender. Dukani mjini wanauza karatasi ya jina. Tunabandika, na tukiliuza tutapata bei mara mbili."

Hapo nilitua tupa yangu. Umbo la kichwa cha gitaa ni kama saini ya fundi. Katika karne ya 19 Johann Georg Stauffer wa Vienna alitengeneza magitaa yenye funguo sita upande mmoja, na C. F. Martin, aliyehamia Marekani mwaka 1833, alilitumia umbo hilo katika magitaa yake ya mwanzo. Mwaka 1948 Paul Bigsby alimtengenezea mwanamuziki Merle Travis gitaa la umeme la namna hiyo. Leo Fender akafuata na la kwake mwaka 1950, kisha lile liitwalo Stratocaster mwaka 1954. Mwaka 1965 kampuni ya CBS iliinunua kampuni ya Fender, na mwaka huo huo kichwa cha Stratocaster kikakuzwa. Hata leo wapigaji hulitambua gitaa la zamani kwa kutazama kichwa tu.

Basi mafundi hujifunza mmoja kwa mwingine, na hilo si kosa. Lakini kubandika jina la mtu juu ya kazi asiyoifanya, ili umdanganye mnunuzi, ni wizi na ni ushahidi wa uongo. Ni Amri ya Saba na Amri ya Nane kwa pigo moja. "Gitaa hili limeanguka na limetengenezwa," niliwaambia. "Atakayelitaka na aambiwe hivyo." Yule kijana aliyelivunja ndiye aliyejibu upesi kuliko wote, "Ndiyo, mzee. Nimeficha kitu mara moja, inatosha."

Siku ya Dominika

Mwenyekiti wa kwaya, alipopelekewa habari, hakudai mbuzi. Alisema tu, "Fedha ile ni jasho la akina mama wa maandazi. Kawaombe radhi wao." Basi Dominika baada ya Misa Takatifu kijana alisimama mbele yao, akaeleza yote, hata habari ya uvungu wa kitanda na msumeno wa usiku. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu:

"Na wewe, mjukuu wangu, uliumia?"

Kijana akainua mkono wa shati, akamwonyesha kovu la kiwiko. Baba yake alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anasema polepole, kama anajisemea mwenyewe, "Mimi sikumwuliza."

Wasomaji wapenzi, gitaa lile linapigwa. Tulirudisha funguo kila moja tunduni mwake, tukakaza nyuzi kidogo kidogo kwa zamu, tukaliacha usiku mzima, tukatazama asubuhi kama kuna ufa. Hapakuwa na ufa. Kichwa chake hakifanani na cha kiwanda chochote duniani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliruhusu vyombo vingine mbali na kinanda vitumike katika ibada, kwa kibali cha wenye mamlaka, mradi vifae kwa matumizi matakatifu. Nadhani chombo kilichotengenezwa kwa kweli na kwa msamaha kinafaa.

Tena nawaza jambo moja kwa sisi wazazi. Mtoto naye ana kingo za nje zinazohitaji tupa: haraka yake, woga wake, maneno yake. Hizo tuzilainishe, ndiyo kazi tuliyopewa. Lakini ana sehemu inayoshika mzigo wote, nayo ni kule kujua ya kwamba nyumbani anapendwa. Hasira ikishika msumeno gizani, hukata bila kuuona mpaka.

Mtakatifu Yosefu, ambaye Baba Mtakatifu Pio wa 12 alimwekea sikukuu ya Mfanyakazi tarehe 1 Mei mwaka 1955, alikuwa seremala na alilea Mtoto. Atuombee sisi wenye kazi hizo mbili.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza jinsi ya kuunga mguu wa kiti uliovunjika. Kwaherini.